Siagi ya mwili ya kutengeneza nyumbani: vipimo vya kaskazi na vipimo vya kusi

Msimu wa harusi unapokaribia, maduka ya vipodozi katika miji yetu ya Pwani hujaa wateja. Bi harusi, mama yake, dada zake na makungwi wote huwa wanatafuta mafuta mazito ya kulainisha ngozi na kuipa mng'ao. Wengi hurudi nyumbani na kopo ambalo hakuna ajuaye ndani mna nini. Baadhi ya krimu hizo, hasa zinazoahidi weupe wa haraka, hukutwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Kenya imevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo. Tena haiishii kwa aliyejipaka: huhamia kwenye taulo, kwenye foronya, na kwenye mwili wa mtoto anayebebwa na kunyonyeshwa.

Ndiyo maana naona elimu ya kutengeneza mafuta yako mwenyewe si jambo la anasa. Siagi nzuri ya mwili hutengenezwa jikoni kwa muda wa saa moja, kwa vitu vinne au vitano, na ukajua kila kilichomo. Tatizo ni kwamba maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Yafuate hapa Mombasa mwezi wa Februari, na ile siagi iliyosimama kama krimu ya keki itakuwa mchuzi kabla ya adhuhuri. Mengine yanakwambia utie maji ya waridi au utomvu wa mshubiri, nayo hayo huharibika ndani ya siku chache. Hapa naandika vipimo vya kwetu: vya kaskazi, vya kusi, na vya yule ambaye mfuko wake hauruhusu vitu vya kutoka mbali.

Siagi ya mwili ni nini

Siagi ya mwili ni mchanganyiko wa mafuta magumu na mafuta mepesi, bila maji. Hapo ndipo inapotofautiana na losheni, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Siagi haiongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasipotee. Kwa hiyo wakati wa kuipaka ni baada tu ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, si baada ya kukaa saa nzima chini ya feni. Kiasi cha ukubwa wa kunde mbili chatosha mkono mzima.

Kuna wanaosema kwamba Pwani hewa ina unyevu, hivyo ngozi haikauki. Tazama miguu ya wazee wetu inavyopasuka magaga. Tunaoga maji ya visima yenye chumvi, tunatumia sabuni za kipande zilizo kali, watoto wetu hushinda baharini, na wengi siku hizi hufanya kazi katika vyumba vya viyoyozi. Ukijumlisha na upepo wa kusi, ngozi hukauka na kuwasha, mwenye nayo akadhani ana ugonjwa.

Vitu vya kutumia

Mafuta ya nazi. Haya ni yetu, na hupatikana kuanzia Kwale hadi Lamu. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, ndiyo sababu chupa ya mafuta ya nazi huganda asubuhi za Julai na Agosti, lakini Januari ni nadra kuiona imeganda. Ukiyatengeneza nyumbani, kuna nazi zilizokomaa, kamua tui zito kwa kifumbu au kitambaa safi, liache lilale usiku, kisha enga ule utando wa juu na uupike kwa moto mdogo. Utasikia mafuta yakilia. Mlio ule ni wa maji yanayotoka. Usiepue mpaka mlio uishe na mashapo yawe ya kahawia. Yachuje kwa kitambaa kikavu, yaache yatulie siku moja, na ukiona matone ya maji chini ya chupa, mimina mafuta ya juu tu.

Mafuta ya simsim, ambayo wazee wetu wakiyaita mafuta ya uto. Ni mepesi, huingia ngozini vizuri na hayavundi upesi. Chagua yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Yale ya simsim iliyokaangwa yana rangi nzito na harufu ya chakula, na harufu hiyo haiondoki.

Siagi ya shea. Inatoka kwa mti unaomea Afrika Magharibi, hasa Ghana na Burkina Faso, na pia kaskazini mwa Uganda. Ya Uganda ni laini zaidi kuliko ya Magharibi, na hilo lina maana kwetu wenye joto: ukitumia ya Uganda, punguza gramu 25 za shea katika vipimo nitakavyotoa, uongeze gramu 25 za kakao.

Siagi ya kakao. Ni ngumu, huvunjika kama chokoleti, na huyeyuka kati ya nyuzi joto 34 na 38, karibu na joto la mwili. Hii ndiyo inayoipa siagi yetu uti wa mgongo.

Nta ya nyuki. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65, kwa hiyo jua letu haliiwezi. Wafugaji wa nyuki wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke na kwingineko huwa nayo. Nta husafishwa kwa kuchemshwa majini, basi hakikisha imekauka kabisa kabla ya kuitumia. Mishumaa ya dukani si nta ya nyuki, usiitie.

Vitamini E ya mafuta. Kidogo tu, ili mafuta yasivunde upesi. Lakini elewa kwamba haiui vijidudu, wala haigeuzi siagi yenye maji kuwa salama.

Vipimo

Tumia mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya, kwa sababu kikombe cha shea iliyokatwakatwa hakilingani na kikombe cha mafuta ya nazi. Kila fungu hapa chini lina gramu 500 hivi za mafuta, zinazotosha karibu mikebe mitano ya gramu 100. Baada ya hapo huongezwa nusu kijiko cha chai cha vitamini E.

Ya kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi: shea gramu 200, kakao gramu 100, mafuta ya nazi gramu 100, mafuta ya simsim gramu 100. Hii hupigwa ikafura.

Ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi: shea gramu 225, kakao gramu 150, mafuta ya nazi gramu 50, mafuta ya simsim gramu 50, nta gramu 25. Hii haipigwi. Kufura kwa siagi ni hewa iliyoshikwa ndani ya mafuta, na joto la Februari likilegeza mafuta, hewa hutoka na mkebe hubaki nusu. Imimine ikiwa ya moto, igande yenyewe. Mchana italegea kidogo, lakini haitamwagika.

Katika miezi ya katikati, Oktoba na Novemba, tazama siku zilivyo. Mimi hutumia vipimo vya kaskazi na kupunguza nta iwe gramu 15, nikaongeza gramu 10 za simsim.

Ya mfuko mdogo, ya misimu yote: sehemu 1 ya nta kwa sehemu 5 za mafuta. Kwa mfano, nta gramu 80, mafuta ya nazi gramu 300, simsim gramu 100. Hakuna shea wala kakao. Itakuwa ngumu kidogo, utaikwangua kwa kidole na kuisugua viganjani kabla ya kupaka. Kwa visigino na viwiko hakuna inayoishinda. Na asiyepata hata hizo asijione mnyonge: mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, hufungia unyevu vizuri na ni salama.

Namna ya kutengeneza

Kwanza vyombo. Mikebe na vijiko vioshwe, vichemshwe, kisha vianikwe mpaka vikauke kabisa. Tone moja la maji lililobaki chini ya mkebe laweza kuharibu kazi yote.

Tia maji kidogo katika sufuria kubwa, yachemke polepole, kisha weka juu yake bakuli la chuma au la kioo kinene. Usifunike, maana mvuke ukigeuka matone utadondokea ndani ya mafuta. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya moto. Yataungua, na yakishika moto ni hatari. Watoto wakae mbali na jiko.

Anza na kilicho kigumu zaidi. Nta huyeyushwa mwanzo, kisha kakao, kisha mafuta ya nazi na simsim. Epua bakuli, lifute maji upande wa chini, ndipo utie shea iyeyuke kwa joto lililobaki. Shea haipendi moto mwingi.

Sasa inakuja hatua ambayo watu wengi huiruka. Shea ikipoa polepole hufanya chembechembe, ukajipaka kitu kama mchanga. Si kwamba imeharibika, ni mafuta yake yanayoganda kwa nyakati tofauti. Dawa yake ni kuipoza haraka: weka bakuli katika beseni la maji ya barafu, ukikoroga mfululizo, na uangalie maji yasiruke ndani. Chembe zikitokea baadaye, yeyusha tena na uipoze upya.

Siagi ya kaskazi ikianza kuwa nzito kama uji, tia vitamini E, koroga, mimina mikebeni, kisha iweke kwenye friji saa moja. Ya kusi iache ndani ya friji mpaka kingo zishikane na katikati iwe laini, tia vitamini E, kisha ipige kwa mashine ya kupigia keki kwa dakika tano hadi nane. Itageuka nyeupe na kufura. Ikikataa kufura, bado ina joto. Irudishe kwenye friji dakika kumi na ujaribu tena.

Usitie maji

Narudia jambo hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Bakteria na ukungu vyahitaji maji ili kuota. Mafuta matupu hayana maji, basi siagi safi hukaa miezi sita bila dawa ya kuhifadhi, mradi iwe mahali pa baridi na pasipo jua. Ukiongeza maji yoyote unakuwa umetengeneza krimu, na krimu yataka dawa ya kuhifadhi iliyopimwa kitaalamu. Krimu ya maji isiyo na dawa hiyo yaweza kujaa bakteria kabla hujaona ukungu wala kusikia harufu. Ukaipaka ngozi iliyopasuka, au ya mtoto, ukapata majipu.

Na maji huja kwa sura nyingi. Marashi ya waridi ni maji. Utomvu wa mshubiri karibu wote ni maji. Asali ina maji. Maziwa na tui ni maji. Maua mabichi ya asumini na kilua yana maji pia. Mwenye kutaka mshubiri ajipake kwanza, kisha apake siagi juu yake. Mwenye kutaka asumini ayaache maua yanyauke na kukauka kivulini siku mbili au tatu, ayaloweke katika mafuta ya simsim kwa wiki moja, ayachuje, ndipo ayapime.

Baada ya kutengeneza, kanuni ni hiyo hiyo. Usiweke mkebe bafuni. Chota kwa kijiko kikavu, si kwa vidole vilivyolowa. Siagi ikibadilika harufu ikawa ya ukali kama njugu za zamani, imevunda. Itupe.

Manukato

Siagi ikipungua joto hadi vuguvugu, waweza kutia mafuta ya manukato. Kwa gramu 500, usizidishe gramu 3 za langilangi au za mchaichai. Mafuta ya karafuu ni makali sana kwa ngozi, matone 20 yatosha kabisa, na wengine hata hayo hayawafai. Ndimu isiingie. Maji yake ni maji kama maji mengine, na ngozi yenye ndimu ikipigwa na jua huungua na kuacha madoa meusi yanayokaa miezi.

Anayesafiri kwa Hija au Umra atengenezewe isiyo na manukato yoyote, kwani aliyehirimia hatumii manukato. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, nywele na ndevu hazipakwi mafuta katika ihramu, hata kama hayanukii.

Je, udhu unapita?

Swali hili wanawake wengi huniuliza, nami naona ni la msingi kwa mtu anayesali. Imamu Nawawi katika Al-Majmuu alitofautisha hali mbili. Ikiwa juu ya kiungo kuna kitu chenye mwili kinachozuia maji yasifike, kama nta, unga uliokandwa au hina yenyewe, tahara haisihi mpaka kiondolewe. Lakini ikiwa ni athari tu ya mafuta, na maji yakaigusa ngozi na kutiririka juu yake ingawa hayatulii, udhu ni sahihi.

Kwa siagi yetu, maana yake ni hii. Ukipaka kidogo ikaingia ngozini, hakuna tatizo. Lakini aliyejipaka magaga tabaka nene la siagi ya nta usiku, akavaa soksi akalala, na aioshe miguu kwa maji ya moto na sabuni kabla ya udhu wa alfajiri. Wepesi zaidi ni kupaka baada ya kusali. Mwenye hali yake mahsusi amuulize shehe wake.

Watoto, na wenye ngozi inayodhurika

Kabla ya kutumia siagi yoyote mpya, paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Ikiwasha au kuwa nyekundu, isikuguse tena. Simsim na karanga ni vitu ambavyo baadhi ya watu hudhurika navyo. Kwenye nyumba yenye mtu wa namna hiyo, badili simsim uweke mafuta ya nazi, na gramu 15 za nta zipunguzwe au ziongezwe kulingana na msimu.

Siagi ya mtoto isitiwe manukato kabisa. Na kuhusu mafuta ya zeituni, ambayo tunayapenda kwa kuwa mti wake umetajwa katika Qur'ani kuwa ni mti uliobarikiwa: kuyala ni afya, na mtu mzima mwenye ngozi nzima akijipaka si neno. Lakini yana asidi ya oleiki kwa wingi, nayo huweza kudhoofisha tabaka la juu la ngozi, basi si chaguo zuri kwa mtoto mchanga au kwa mwenye pumu ya ngozi. Utafiti uliofanywa Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha mafuta ya nazi na ya zeituni kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi, na ya nazi ndiyo yaliyopunguza zaidi bakteria wabaya juu ya ngozi. Hata hivyo ngozi inayotoa maji, yenye vidonda au inayomnyima mtoto usingizi ni ya kupelekwa hospitali. Siagi si dawa.

Anayetaka kuuza

Kina mama wengi wameanza kuuza siagi zao kwa majirani na kwenye vikundi vya WhatsApp. Ni riziki ya halali, lakini ina dhamana. Bidhaa inayotengenezwa nchini na kuuzwa yatakiwa iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Hata kabla ya kufika huko, andika juu ya mkebe kila kilichomo, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa kutumika. Usiahidi weupe, wala kuponya chunusi au mba. Mnunuzi wako anastahili kujua kilichomo, kama vile ambavyo wewe ungetaka kujua.

Kwa anayetumia krimu za kung'arisha sasa hivi

Geuza kopo usome. Zebaki huandikwa kwa majina kama "mercury", "calomel", "mercurous chloride", au herufi Hg. Onyo la kukutaka usiguse dhahabu au fedha ukiwa umejipaka nalo ni dalili ya zebaki. Kopo lisiloandikwa kilichomo, au lisilo na jina la mtengenezaji, lisiingie nyumbani. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini makopo hayo bado yauzwa.

Ikiwa ni krimu ya zebaki, acha leo, na usiitupe ovyo: ifunge vizuri kwenye mfuko, mbali na watoto, na uwaulize wahudumu wa afya pa kuipeleka. Lakini ikiwa ni krimu yenye dawa ya steroidi, kama klobetasoli, na umeitumia miezi mingi, usiikate ghafla bila kumuona daktari wa ngozi, kwa sababu ngozi huweza kuwaka moto na kuvimba, ukarudi kuipaka kwa kukimbia maumivu. Nenda na kopo lenyewe mkononi, na usione haya kulionyesha.

Bi harusi aanze siagi yake wiki sita kabla ya siku, kila baada ya kuoga, na singo au liwa ifuate kama kawaida yetu. Siagi hii haitambadilisha rangi. Itamlainisha katika rangi aliyoumbwa nayo.